Ofisi imekuwa handaki lako, mwanangu

*Shikamoo Mama,*

*Nina miaka 39, nina mke na watoto wawili, wa kiume miaka tisa na wa kike minne. Nilikuwa afisa wa JWTZ. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 nilikuwa kambini Semuliki, Kongo. Koplo mmoja aliyekuwa chini yangu hakurudi.*

*Nilitoka jeshini 2019 nikaingia kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Nilianza kusimamia malori, leo ni meneja wa uendeshaji. Sasa wananipa tawi la Lubumbashi, kulekule Kongo, mshahara karibu mara mbili, na baada ya miaka mitatu narudi Dar kwenye ukurugenzi. Mke wangu amesema nikienda nisitegemee kumkuta. Anasema hata nikiwa nyumbani mimi ni mgeni, nikiingia watoto wananyamaza. Mimi nataka nidhamu tu: saa 11 alfajiri kila mtu ameamka na kitanda kimetandikwa.*

*Silali vizuri. Usiku mmoja nilizinduka nikakuta nimemkaba mke wangu shingo. Tangu hapo analala chumba cha watoto. Na kuna jingine. Kila mwisho wa mwezi namtumia pesa mjane wa yule koplo. Sikuwahi kumwambia mke wangu. Ameona meseji za muamala na anaamini nina mchepuko. Nimekataa kujieleza, maana nikianza itabidi nieleze yote.*

*Mama, nichague kazi au familia? Nafasi hii nimeitolea jasho.*

*Baba Wawili, Dar es Salaam*

Marahaba, Baba Wawili.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, na nianze na lile uliloliweka katikati ya mambo mengine kana kwamba ni dogo: umemkaba mkeo shingo usingizini. Najua hukukusudia. Lakini mikono iliyofundishwa kuua haihitaji kusudio. Mkeo kuhamia chumba cha watoto si kukususa, ni kujilinda, na amefanya vizuri. Usimwombe arudi chumbani mpaka daktari aseme. Na kama unamiliki bastola, hata kwa kibali halali, wiki hii ipeleke ikahifadhiwe kituo cha polisi. Hilo silijadili.

Sasa Semuliki. Kwa kuwa mlikwenda kulinda amani, wengi hapa nyumbani hawajui kwamba mlipigana vita. Tunakumbuka majeneza yaliyofunikwa bendera. Vijana wetu wasiopungua 14 walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote kwa walinda amani katika miaka ya karibuni. Taifa liliaga, likazika, likarudi kwenye shughuli zake. Ninyi mliotoka wazima mlishuka kwenye ndege mkapewa likizo, na tangu hapo nani amewauliza mnalala vipi? Baba zetu waliorudi kutoka Uganda mwaka 1979 nao tuliwapokea kwa ngoma, halafu tukashangaa kwa nini baadhi yao walikunywa mpaka wakaanguka, na kwa nini wengine walipiga wake zao. Tulisema ni tabia. Sitaki tukuseme hivyo.

Unayonieleza, yaani kulala kwa mashaka, kushtuka ukapigana usingizini, kukwepa kulitaja tukio, kuitawala nyumba kama kambi, madaktari wanayajua vizuri. Ni dalili za ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Mimi si daktari na sitakupima kwa barua, ila nitakwambia kwa nini umekaa miaka yote hii bila kujishtukia. Ni kwa sababu kazini ugonjwa huo unasifiwa. Lori likikwama mpakani Kasumbalesa saa nane usiku, nani anapokea simu ikiita mara moja tu? Wewe. Nani anajua kila dereva yuko wapi kati ya Tunduma na Lubumbashi? Wewe. Bosi wako anaona mtu hodari asiyechoka. Mkeo anaona mtu asiyelala. Wote wawili wanamwona mtu yuleyule. Ofisi imekuwa handaki lako: ukiwa ndani yake una amri, una ramani, una kazi ya mikono, na yule koplo hakufikii. Nyumbani hakuna handaki. Kuna mtoto wa miaka minne anayetaka umsikilize hadithi isiyo na mwisho, na ukikaa kimya kumsikiliza, mambo yanarudi.

Kwa hiyo swali lako la kazi au familia silijibu kama ulivyoliuliza. Kutaka ukurugenzi si dhambi. Umetoka kwenye malori ukapanda mwenyewe, na ningekuwa mama yako mzazi ningetembea mtaani kichwa juu. Ninachokataa ni wewe kwenda Lubumbashi sasa. Utanikumbusha kwamba Lubumbashi na Beni, kule ilikokuwa kambi yenu ya Semuliki, ni mbali sana, na ni kweli, ni ncha mbili za nchi kubwa. Lakini sare za wanajeshi wa Kongo utazikuta barabarani, Kiswahili cha Kikongo utakisikia kila asubuhi, na jioni utarudi kwenye nyumba ya kampuni, peke yako, chupa iko karibu. Hakuna wa kukusikia ukipiga kelele usiku. Usiende hali uko hivi.

Mwombe mwajiri miezi sita. Mwambie una matibabu na una familia ya kupanga. Jina la ugonjwa huna deni la kumtajia. Pendekeza uisimamie Lubumbashi ukiwa Dar, kwa safari fupi. Na hata ukikubali baadaye, pata kwa maandishi: familia inahama nawe au haihami, ada za shule analipa nani, bima inagharamia matibabu ya afya ya akili au la, na hizo siku 28 za likizo ya mwaka zilizo kwenye sheria ya ajira ya 2004 unazichukua lini. Wanaume wengi wa vyeo huziacha siku hizo zikapotea na kuona ni ushujaa. Wakikataa yote na kumpa nafasi mwingine, acha ipite. Itauma, nami sitakudanganya kwamba haitauma.

Matibabu yapo. Hospitali ya jeshi ya Lugalo wanawahudumia wanajeshi na raia. Kama unaogopa kukutana na wenzako kwenye foleni, nenda Muhimbili, idara ya magonjwa ya akili. Najua kwetu mtu akitaja hospitali hizo watu wanacheka na kusema Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Waache wacheke. Tiba yenyewe mara nyingi ni mazungumzo na mtaalamu, vikao vya kila wiki kwa miezi mitatu hivi, ambamo utalisimulia tukio hatua kwa hatua mpaka lipungue makali. Wengine huongezewa dawa. Watu wanapona kwa njia hii, hata baada ya miaka mingi. Kiongozi wako wa dini anaweza kukuombea, na akuombee, lakini kliniki uende.

Nirudi kwa mjane, maana hapa ndipo nilipokaa sana. Mwanangu, umefanya jambo jema kwa njia inayowaumiza wanawake wawili. Mkeo anakesha akihesabu miamala ya mwanamke asiyemjua. Na yule mjane, ambaye hana kosa, siku yoyote atapigiwa simu na kutukanwa kwamba anakula mume wa mtu. Umemwachia mkeo aamini una hawara kuliko aone unalia. Fikiria bei ya fahari hiyo.

Mwambie wiki hii, watoto wakiwa wamelala. Huhitaji kumsimulia usiku wote ule. Hiyo ni kazi ya kliniki. Sema hivi tu: "Koplo wangu alikufa Semuliki. Ameacha mke na watoto. Nawatumia pesa kila mwezi. Sikukwambia kwa sababu siwezi kumtaja bila kuvunjika." Halafu mpe simu aone miamala yote tangu wa kwanza. Akikasirika, usisimame kiafisa, usimwambie atulie. Ana haki ya hasira ya miezi na miaka aliyofichwa. Kuanzia hapo kiasi cha kumtumia mjane mkiamue wawili, na ikiwezekana mkeo ndiye ampigie simu. Wanawake wawili wakishajuana, msaada huo utakuwa wa nyumba kwa nyumba.

Na kuna swali hukuliandika, nami nitaliuliza. Unamsaidia yule mama, au unalipa deni? Kama moyoni unaamini ulikuwa na namna ya kumwokoa kijana wako na hukuifanya, hilo ndilo la kumpelekea mtaalamu siku ya kwanza. Shilingi haitalimaliza, wala ukurugenzi.

Paredi ya saa 11 ivunje kesho. Mwanao wa miaka tisa anajifunza kukuogopa, na akifika miaka kumi na mitano hofu hiyo itakuwa chuki. Mkalishe, mwambie baba aliumia akiwa jeshini, jeraha haliko mwilini, anakwenda kutibiwa, na si kosa lake yeye. Watoto wa umri huo wanaelewa wakiambiwa ukweli mfupi. Usimwahidi mengine.

Mpe mkeo barua hii aisome. Akitaka kuniandikia, aandike kwa jina lolote. Nitamjibu yeye, na wewe hutaiona.