Kujiunga na kikundi cha kujifunza Biblia Kisumu: jibu langu kwa dada aliyehamia kutoka Nakuru

Dada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Umehamishiwa Kisumu kikazi kutoka Nakuru, kanisa umepata, lakini ni kubwa kiasi kwamba unaingia na kutoka bila mtu kukuuliza jina. Kila Jumapili linatolewa tangazo kwamba washiriki wajiunge na vikundi vya kujifunza Biblia mitaani. Wewe unasita: Biblia huijui sana, Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, hujui kabisa, na umesikia vikundi hivyo ni michango na umbea. Walionitangulia wamekuambia uombe Mungu akuongoze. Omba, ndiyo. Ila akishakufikisha mlangoni bado utahitaji kujua kama nyumba hiyo ni ya kuingia au ya kupita, na hapo nina la kusema.

Mimi ni Mluhya wa Vihiga. Nimelelewa katika Kanisa la Friends, wale waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, kisha nikaolewa Kisumu na sasa ni Mwanglikana. Vikundi nimevikalia kama mgeni, kama mshiriki na kama kiongozi wa zamu, na si vyote ningekushauri uvikaribie.

Tuanze na lililo jepesi. Chagua kikundi kilicho karibu na unapolala, si kile chenye watu wa rika lako au wa kazi kama yako. Vikundi vingi hapa hukutana jioni katikati ya wiki, watu wakishatoka kazini, na mvua ya Kisumu ina tabia ya kungoja jioni hiyo hiyo. Mtu wa Nyamasaria akijiunga na kikundi cha Riat kwa sababu rafiki yake yuko huko, atahudhuria vizuri mpaka masika yaanze. Baada ya hapo ni udhuru kila wiki. Tena kurudi usiku peke yako kwa boda si jambo la kuchezea ukiwa mgeni mjini. Watu wa mtaa wako mtatembea pamoja kurudi, na ndio watakaogundua mapema kwamba hujaonekana, kumbe una malaria.

Lililo zito ni kiongozi. Usiangalie anajua aya ngapi kwa moyo. Angalia anafanya nini baada ya kuuliza swali. Akiuliza kisha akajibu mwenyewe, hapo hakuna kujifunza. Ni ibada ya Jumapili imerudiwa, ila sasa mmekalia sofa. Niliwahi kuwa katika kikundi ambacho kiongozi alihubiri muda wote, sisi tukiitikia amina, na mwisho akauliza "kuna mwenye swali?" akiwa tayari amesimama kwa sala ya kufunga. Watu wema, chai safi, lakini sikumbuki tulisoma nini. Kiongozi anayefaa huuliza jambo ambalo jibu lake limo kwenye mistari mliyosoma, kisha ananyamaza. Kimya kinaweza kukaa mpaka mkasikia feni. Yeye hatishiki.

Nikupe mfano, maana bila mfano haya ni maneno matupu. Tulikuwa tunasoma Ruthu, kitabu cha sura 4 tu, na kwenye kikundi chetu wajane wapo. Tukafika sura ya mwisho, pale Boazi anapoketi langoni mwa mji pamoja na wazee 10, na yule jamaa wa karibu zaidi anakataa kumchukua Ruthu asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Mama mmoja mjane akafunga Biblia yake, kidole kikiwa bado ndani, akasema, "Sasa huyu Boazi si ni jater tu?" Jater, kwa wewe mgeni, ni mwanamume anayemrithi mjane kwa desturi ya tero ya Wajaluo.

Nyumba nzima ikawaka. Mzee mmoja akasema ndiyo, hata Biblia imekubali. Kijana mmoja akasema hayo ni mambo ya mila, yasiletwe hapa. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu, hakusema ndiyo wala la. Alituambia turudi sura ya 3 tutafute nani alimwendea nani. Tukasoma: ni Ruthu aliyeshuka kwenye uwanja wa kupuria, na ni Ruthu aliyetamka ombi lile kwa kinywa chake. Kisha akatupeleka Kumbukumbu la Torati 25, ambapo ndugu wa marehemu akikataa wajibu wake, mjane humvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate usoni. Yule mama akaomba asome yeye. Alisoma mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi. "Kumbe mjane alikuwa na mdomo," akasema. "Mimi niliitwa nikaambiwa tu."

Hakuna aliyekimbilia kumwombea ili anyamaze, na hilo nililipenda. Sura haikuisha. Wiki iliyofuata mzee alikuja amejiandaa, na hoja yake ilikuwa na miguu: lengo la jambo lile, akasema, lilikuwa jina la marehemu lisipotee na shamba lake libaki kwake, na andiko linasema hivyo kweli. Mama akamjibu kwamba shamba la mume wake lilikwenda kwa shemeji. Mzee akakaa kimya, kisha akasema basi hapo hapakuwa na tero, hapo palikuwa na wizi. Wawili hao mpaka leo hawakubaliani kuhusu mila, lakini kila mmoja anaijua Ruthu kuliko wachungaji wengi.

Sasa rudi kwenye woga wako wa kutojua Biblia. Yule mama hakusoma chuo cha theolojia. Alisoma mistari iliyokuwa mbele yake na kuuliza kilichomkera. Kinachotakiwa kwako ni hicho hicho. Uliza mapema mnasoma kitabu gani na mmefika sura ya ngapi, uisome usiku wa kuamkia siku hiyo, uje na swali moja. Kama wanaanza upya na wanakuuliza maoni, taja Marko au Wafilipi. Wakisema wanaanza Ufunuo, nenda, lakini nenda ukijua kwamba kila mtu atakuwa na mjomba mwenye tafsiri yake. Beba Biblia ya karatasi ikiwezekana. Ukiwa na ya simu, ujumbe wa kazini utaingia katikati ya Zaburi. Wengi watakuwa na Union Version, ile ya mwaka 1952. Mmoja akiwa na Habari Njema na mwingine na Muma Maler ya Dholuo, msome mstari mgumu kwa zote, nusu ya ubishi huisha hapo hapo.

Kama ulipitia CU ya chuoni, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, labda Egerton kwa kuwa umetoka upande huo, jiandae kwa tofauti. Kule wote mlikuwa rika moja. Hapa utakaa kati ya bibi anayeuza samaki na mhasibu wa kaunti, na bibi ndiye atakayezungumza zaidi. Usije na madaftari ya chuo ukaanza kusahihisha watu. Pia wazee wengine watatoa ushuhuda mrefu wa kutubu dhambi hadharani kabla ya somo. Hayo ni mapokeo ya uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea hadi huku Nyanza; ndugu wa uamsho walikutana hivyo majumbani kwa miaka mingi kabla makanisa hayajaanza kutangaza vikundi. Sikiliza tu. Wewe hulazimiki kutoa wako.

Kuhusu Dholuo nitakuambia ukweli: itatumika. Mjini hapa mazungumzo huruka lugha tatu bila mtu kugundua. Mwambie kiongozi siku ya kwanza, mbele ya wengine, "mimi Dholuo sijui, naomba somo liwe Kiswahili." Watu wa hapa wakiambiwa hawana shida, watakuonea hata haya kidogo, kisha watasahau, utawakumbusha. Maombi waachie, mtu akizidiwa huomba kwa lugha ya mama yake. Lakini wakiendelea na somo lenyewe kwa Dholuo hata baada ya kukumbushwa na kukumbushwa, omba ofisi ya kanisa ikuhamishe. Makanisa mengi mjini yana ibada tofauti za lugha tofauti, na vikundi hufuata ibada hizo.

Hukusema ni dhehebu gani, na jambo hilo hubadilisha jibu. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo si kikundi cha hiari kama vyetu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha uchungaji miaka ya 1970, na leo katika parokia nyingi ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, utaulizwa jumuiya yako ni ipi. Huko husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, mara nyingi kwa zile hatua saba, ambapo mtu hurudia kwa sauti neno au kifungu kilichomgusa, na kubishana si desturi. Kwa Wasabato, ambao Nyanza ni wengi mno, kujifunza kwenyewe kumo ndani ya Shule ya Sabato asubuhi kabla ya ibada kuu: lesoni moja kwa dunia nzima, masomo 13 kwa robo ya mwaka, na ukifika bila kusoma ya wiki hiyo utajulikana. Kwetu Waanglikana na kwa makanisa mengi ya Kipentekoste, kila kikundi hutegemea mchungaji na kiongozi wake, ndiyo maana nimekazana na habari ya kiongozi.

Michango. Ipo, nisikudanganye. Kuna mgonjwa, kuna matanga, kuna karo ya mtoto wa mshiriki, na namba ya M-Pesa itatumwa kwenye WhatsApp. Mimi huona hilo si baya; ukifiwa wewe, watu hao ndio watakaobeba viti. Uliza tu mambo mawili: kiasi kinapangwa au mtu hutoa alichonacho, na nani anaonyesha hesabu. Chama cha kuzungusha pesa kikiwa ndani ya kikundi, kiwe na siku yake na daftari lake, kwa sababu asiyelipa zamu ya chama huacha kuja hata kwenye Biblia. Na mtu akianza kukuonyesha biashara ya kusajili watu watano chini yako, huyo hakuja kwa Ruthu.

Umbea nao. Usitoe siri yako kubwa wiki za mwanzo. Toa ombi dogo la kweli, mtihani wa mdogo wako kwa mfano, halafu usikilize kama litarudi kwako kupitia mtu asiye wa kikundi. Sisi tuna sheria kwamba maombi ya watu hayaandikwi kwenye WhatsApp bila mwenyewe kuruhusu. Ilianza baada ya ndoa ya mtu kuombewa na watu ambao hata hawamjui.

Halafu kuna vikundi vya kukimbia. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni kule Kilifi, sidhani kama kuna Mkenya anayehitaji kuelezwa kwa nini. Ukisikia uache dawa, uache kazi, usimwambie mchungaji wala jamaa zako mnakutana wapi, au kwamba kiongozi peke yake ndiye aliyefunuliwa maana ya andiko, chukua mkoba wako, usingoje chai. Kikundi halali kinajulikana ofisini kwa kanisa, na kuuliza si utovu wa heshima. Karani atakuambia kinakutana kwa nani, siku gani, na nani anakisimamia.

Kujiunga kwenyewe ni rahisi kuliko unavyofikiri. Baada ya ibada usitoke na umati. Nenda kwenye meza ya wageni au kwa mzee wa kanisa, utaje mtaa wako, uombe jina la mwenyeji wa wiki hiyo. Mpigie simu, wala usitume ujumbe, umwambie unakuja. Mwenyeji akijua mgeni anakuja atakutafutia mtu wa kukuchukua njiani. Fika kwa saa waliyosema ingawa wenyeji watachelewa, kwa sababu zile dakika za kupanga viti ndizo utakazojua majina. Jipe mwezi au zaidi kabla ya kuamua, maana wiki moja inaweza kuangukia siku ya wageni wa dayosisi na kila mtu akawa na tabia nzuri.

Umeuliza pia kuhusu kukaribisha, kwamba nyumba yako ni chumba kimoja. Zamu itakufikia, na hakuna atakayeshangaa. Kwetu tulikubaliana iwe chai na kitu kimoja cha kutafuna, mandazi au njugu, kwa sababu hapo awali watu walianza kushindana kwa kuku na wenye kipato kidogo wakawa wanaruka zamu kimya kimya. Ukikuta kikundi chako bado kinashindana, zamu yako ikifika weka chai na mandazi bila kuomba radhi, utaona wa pili wako atafanya vivyo hivyo. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani.

Andika hapa uko mtaa gani na dhehebu gani. Migosi na Kenya Re naweza kukuelekeza mwenyewe. Nyalenda na Mamboleo kuna wana jukwaa wanaoishi huko, watakujibu.