Wiki ya bluu Drakensberg: chumba ni kilekile, msimu ndio mwengine

SUALI: Assalamu alaykum. Shemeji yangu wa Durban ana taimushea, yaani haki aliyoinunua ya kukaa wiki moja kila mwaka, kwenye hoteli ya bei nafuu chini ya milima ya Drakensberg, Afrika Kusini. Mwaka huu katupa sisi wiki hiyo, mwanzoni mwa Juni, na ada keshalipa. Karatasi inasema "bluu, watu 4". Sisi ni watano, mdogo ana miaka mitatu. Bluu ndiyo chumba duni? Na milimani tutaweza kutembea na watoto? (Mwalimu wa skuli, Wete)

JAWABU: Waalaykum salaam, mwalimu. Bluu ni rangi ya msimu, haihusu ubora wa chumba. Nyekundu ni wiki zinazogombaniwa, hasa likizo za skuli. Nyeupe za katikati. Bluu zile za wageni wachache. Kwa kutembea milimani, mie ningeichukua bluu ya Juni nikaiacha nyekundu ya Disemba. Disemba huko ni joto, na alasiri mara nyingi hushuka radi na mvua. Juni ni kukavu na njia hazitelezi. Lakini usiku maji huganda, na vileleni theluji huweza kuanguka. Kipupwe cha Pemba kisikudanganye: chukueni masweta mazito, soksi na kofia za sufi.

Linalonitia wasiwasi ni hiyo "watu 4". Hoteli nyengine humhesabu mtoto mdogo, nyengine humsamehe. Shemeji aulize, na ajibiwe kwa maandishi. Papo hapo aombe hati ya mgeni yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwenye wiki ni yeye. Ukifika na jina lake mdomoni tu, mapokezi wana haki ya kukunyima ufunguo. Aulize pia siku ya kuingia, amana ya vyombo, na kama taulo zipo.

Vyumba hivi kwa kawaida vina jiko, mnajipikia. Nyama ya halali nunueni Durban au Pietermaritzburg kabla ya kupanda juu. Jiko la nje la kuchomea limeshapita nyama za kila namna, basi msisahau karatasi ya foili. Plagi zetu za pini bapa haziingii kule, nunueni adapta.

Kwa njia ya kutembea, nendeni hifadhi ya Royal Natal mkafuate bonde la mto Tugela. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 14, lakini si lazima mwende mpaka mwisho: ukuta wa miamba mnauona mbele yenu, na huko ndiko yanakoporomoka maporomoko ya Tugela, mita 948, ingawa Juni maji huwa haba. Mtoto akichoka, geukeni. Ngazi za minyororo za upande wa kilele cha Sentinel waachieni wengine. Jiandikisheni kwenye daftari la wapanda mlima kabla ya kuondoka, na kufika saa kumi alasiri muwe mmesharudi, maana saa moja baadaye jua linazama.

Huenda mkaalikwa chai ya bure na "maelezo mafupi". Hapo huuzwa wiki za taimushea, au pointi za kubadilisha na siku za kukaa, na ada yake ni ya kila mwaka, uende usiende. Chai kunyweni, kalamu msishike. Kama saini imeshakutoka, sheria ya wateja ya Afrika Kusini inakupa siku 5 za kazi kuuvunja mkataba uliouziwa namna hiyo. Barua iandike hukohuko, usingoje kurudi Wete.