Je, Warumi 13 inatuzuia kumpokea mkimbizi?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Kanisani kwetu wapo wanaotaka tupokee familia za wakimbizi. Wengine wanapinga, wakisema Warumi 13 inatutaka kutii mamlaka, na wakimbizi hao waliingia nchini bila vibali. Tena tunao wajane na yatima wetu ambao bado hatujawatosheleza. Biblia inasemaje, na tukikubali tuanzie wapi?

Jibu: Amina, ndugu yangu. Paulo hakuigawa barua yake kwa sura. Muda mfupi kabla ya kutaja mamlaka, katika 12:13, anawaagiza waamini wajitahidi kukaribisha wageni. Utii kwa serikali hauifuti amri hiyo.

Hata sheria yenyewe si kama wengi wanavyoidhani. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinazuia nchi zilizouridhia kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja mahali penye hatari, amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa na kueleza sababu za msingi. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini, isipokuwa kwa sababu chache nzito zilizotajwa humo. Kwa hiyo msaada wenu wa kwanza, kabla ya nguo na magodoro, ni kumfikisha mapema kwenye ofisi ya kuandikisha maombi ya hifadhi, akiwa na wakili au mshauri anayeijua kazi hiyo. Muulizeni wakili huyo pia sheria ya nchi yenu inasemaje kuhusu kumpa makazi mtu asiye na hati. Akichelewa kujitokeza, ulinzi wa kifungu cha 31 unaweza kumponyoka, na madai yake ya kweli yakaanza kutiliwa shaka.

Utaratibu huo si mgeni katika Maandiko. Miji sita ya makimbilio ya Hesabu 35, alikokimbilia aliyeua mtu bila kukusudia, ilikuwa ya Mwisraeli na ya mgeni vilevile. Yoshua 20:4 inaeleza hatua zake: mkimbizi anasimama langoni, anawaeleza wazee habari yake, wanampokea na kumpa mahali pa kukaa. Hukumu inafuata baadaye, na aliyeua kwa kukusudia hakulindwa. Kumpokea mtu, basi, si kufumba macho. Ni kumweka salama huku akisikilizwa.

Walawi 19:34 inaamuru mgeni apendwe kama nafsi yako, na Torati haikuuacha upendo huo hewani. Pembe za shamba haziguswi na masazo hayaokotwi, ili maskini na mgeni wavune wenyewe (Walawi 19:9-10). Kibarua mgeni analipwa siku ileile kabla jua halijachwa (Kumbukumbu 24:14-15). Anapumzika Sabato. Haki yake haipotoshwi. Zaka ya kila mwaka wa tatu huwekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu 14:28-29). Hapo swali lako la wajane linajibiwa: Mungu aliwaweka wote kwenye ghala moja. Anayewashindanisha anavunja kile Torati ilichokiunganisha. Ghala likipungua, kanisa zima liongeze sadaka, na mgeni asiondolewe kwenye orodha.

Kuanza, anzeni na familia moja mnayoweza kuibeba kwa miezi kadhaa, kuliko kumi mtakazozitelekeza. Pangeni bajeti ya kodi, chakula, nauli na matibabu, na fedha zitolewe kwa saini za watu wawili au watatu. Mahali ambapo mtu mmoja anashika fedha, nyumba na usafiri peke yake, mkimbizi hana pa kulalamika, na unyanyasaji, hata wa kingono, hupata nafasi. Mhudumu asionane faragha na mhitaji anayemtegemea kwa kila kitu. Hati za mkimbizi abaki nazo mwenyewe.

Tafuteni mkalimani mtu mzima. Mtoto asitumwe kutafsiri mateso ya mama yake mbele ya wakili, kwa kuwa mama ataficha yale hasa yanayohitajika kuthibitisha madai yake. Picha zao zisirushwe mitandaoni: wanaowatafuta wanaweza kuziona.

Kwenye kamati ya kusimamia msaada huu, wekeni wakimbizi wenyewe. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na wote saba waliochaguliwa kurekebisha hilo wana majina ya Kiyunani. Mitume hawakuogopa kuikabidhi kazi kwa watu wa upande uliolalamika.

Msiufanye msaada kuwa malipo ya kuhudhuria ibada. Ikiwa familia ni ya dini nyingine, ipeni chakula kilekile na heshima ileile. Wakiuliza habari za Kristo, jibuni kwa furaha. Ubatizo wa mtu anayehofia kukosa kodi ya nyumba hamwezi kujua kama umetoka moyoni, na hata afisa wa hifadhi anaweza kuutilia shaka.