Mtoto Anayeanguka-anguka Si Mvivu

Jana jioni mwanangu, mwenye shida ya masikio na ya kuyumba, kaendesha baiskeli peke yake, toka msikitini hadi dukani kwa Mpemba, na mtaa wetu mzima wa Makorora, Tanga, umeona. Waliokuwa wakisema ana miguu ya uji nao walikuwepo barazani. Nimefurahi, sifichi.

Hapo nikakumbuka ujumbe wa mama mmoja wa Pongwe. Mwanawe alichelewa kukaza shingo, kukaa na kutembea, na mpaka leo gizani anapepesuka. Wakwe wanasema mvivu. Shoga yangu, mpeleke akapimwe masikio.

Sikio la ndani ndilo linalosikia, na ndilo linaloufanya mwili usiyumbe. Virusi vya sitomegalo (CMV) vikimfikia mtoto tumboni vinaweza kuharibu yote mawili. Wengi huzaliwa bila dalili. Wangu alizaliwa mnene, mlango ukigongwa anashtuka. Usikivu ukapungua kidogo kidogo baadaye, tukaambiwa ana kiburi, tukaambiwa kachezewa, shangazi yake akashika nauli ya kwenda kwa mganga. Maneno yale bado yananiuma, hasa nikimwona shangazi huyo huyo anavyomshangilia sasa.

Daktari wa masikio kule Dar alisema *huenda* ni virusi hivyo. Uhakika hupatikana kwa kupima mate au mkojo wa mtoto ndani ya wiki 3 za kwanza; zikipita, haijulikani tena kama aliambukizwa tumboni au baada ya kuzaliwa.

Mimba ile nilikuwa nafundisha chekechea, makamasi ya watoto wa watu nafuta mimi, na hakuna aliyewahi kunitajia sitomegalo. Basi nawatajia mimi. Vinakaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Mjamzito usimalizie uji wa mtoto, usilambe kijiko chake, ukimbadilisha nepi nawa kwa sabuni. Busu mpe kwenye paji la uso. Rubela nayo huharibu masikio ya mtoto tumboni, ila yenyewe ina chanjo, tunapewa pamoja na ya surua tangu 2014. Sitomegalo bado haina, kwa hiyo sabuni, jamani, sabuni!

Na wenye watoto kama wangu: usiku acheni taa ya njia ya chooni. Baharini Raskazone msimwachie apige mbizi na wenzake, maana akiwa chini ya maji anaweza asijue juu ni wapi. Akifaulu kipimo cha masikio mwaka huu, mwakani mrudisheni apimwe tena.