Bibi alikuwa mkimbizi wa Kipoland: je, uraia umenifikia?

SWALI: Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wakimbizi wa Kipoland waliowekwa katika kambi ya Nyabyeya, Masindi, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mama alizaliwa 1947, mimi 1974. Ninazo picha za kambini. Nianzie wapi?
Msomaji, Hoima

JIBU: Anzia kwenye ndoa ya bibi. Kisheria Poland haitakupa uraia mpya. Itathibitisha kama unao tangu kuzaliwa. Ukikatika kwa kizazi kimoja, wa chini yake hawana cha kurithi.

Mama yako alizaliwa chini ya sheria ya uraia ya 1920. Kwa sheria hiyo mtoto wa ndoa alifuata uraia wa baba, na wa nje ya ndoa alifuata wa mama. Basi kama bibi alikuwa ameshaolewa na babu asiye Mpoland, njia hii imefungwa. Kama hakuwa ameolewa, iko wazi. Jambo ambalo familia nyingi hulisema kwa kunong'ona ndilo linalookoa madai. Ndoa iliyofungwa baadaye itaje pia, pamoja na tarehe yake. Waliozaliwa tangu 19 Januari 1951 wana nafuu: mzazi mmoja raia anatosha, na kwako wewe wa 1974 kanuni ni hiyo hiyo kwa kawaida.

Kinachoangusha wengi ni ushahidi. Picha za kambini zinaonyesha tu kwamba bibi alikuwapo. Kinachohitajika ni pasipoti ya zamani, kitambulisho au daftari la wakazi la kabla ya vita. Wakimbizi wengi walitoka mashariki ya Poland ya wakati huo, leo Ukraine, Belarus na Lithuania. Sehemu ya vitabu vya kusajili waliozaliwa huko iko Warsaw: vya zamani katika AGAD, hifadhi kuu ya nyaraka za kale, vya karibuni katika ofisi ya usajili ya jiji. Tafuta jina kwa tahajia zote, maana karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, na jina la -ska kwa mwanamke huwa -ski kwa baba yake.

Kisha kusanya vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya vizazi vyote. Kwa Uganda, vya kuzaliwa hutolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu, na vya ndoa ulizia URSB, ofisi ya huduma za usajili. Vyote vifasiriwe Kipoland na mfasiri aliyeapishwa au konsuli. Fomu nayo hujazwa kwa Kipoland. Aliye nje ya Poland huipitisha kwa konsuli, nawe utaenda ubalozi wa Nairobi. Uamuzi hutolewa na mkuu wa mkoa wa Mazowieckie, Warsaw. Pasipoti huombwa baada ya uamuzi.

Njia ikikatika, ulizia Karta Polaka, kadi ya watu wa asili ya Kipoland. Hiyo si uraia, lakini bibi mmoja Mpoland anatosha, mradi ujue Kipoland cha msingi.

SWALI: Je, nitapoteza uraia wa Uganda?

JIBU: Poland haikulazimishi kuukana. Uganda inaruhusu uraia pacha tangu 2009, kwa masharti. Peleka swali kwa Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji kabla ya kuchukua pasipoti ya pili.