Albamu iliyopuuzwa: anza na kilichoifanya ipuuzwe

Kwa miaka mingi nilikuwa na njia moja ya kuwaletea wenzangu albamu nzuri isiyojulikana. Nilisema, "Hii haikupewa haki yake," kisha nikataja bendi kubwa inayopendwa na kila mtu, nikadai hii yangu inaishinda. Matokeo yalikuwa yale yale kila mara. Wenzangu waligeuka kuitetea bendi kubwa, tukabishana hadi tukachoka, na albamu niliyotaka isikilizwe ikabaki bila msikilizaji kama nilivyoikuta.

Aliyenitoa huko ni rafiki yangu mmoja, mtu wa maneno machache. Nilikuwa nimelalamika weee kwamba bendi ya Big Star ilipuuzwa, naye akaniuliza, "Lakini ilipuuzwa na nani? Na kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa naijua albamu yao ya kwanza, #1 Record ya mwaka 1972, gitaa kwa gitaa, ila sikujua ilikuwaje ikapita bila watu kuiona. Nikaenda kusoma. Kumbe wahakiki wa wakati ule waliisifu sana. Shida ilikuwa usambazaji. Vijana hao wa Memphis walitegemea mtandao wa Stax, kampuni iliyojijenga kwa muziki wa soul, na rekodi hazikufika madukani inavyotakiwa. Mtu alisoma sifa zake, akaenda kuitafuta, asiione. Hakuna msikilizaji aliyeikataa, maana wengi hawakupata hata nafasi ya kuikataa.

Ndiyo maana siku hizi naanza na sababu. Neno "kupuuzwa" linafunika mambo mengi yasiyofanana, na ukimweleza mwenzako ni lipi hasa lililoipata albamu yako, anakuwa na kitu cha kushika hata kabla hajasikia noti moja.

Chukua The Zombies. Walirekodi Odessey and Oracle mwaka 1967, na ilipotoka Uingereza mwaka 1968 kundi lilikuwa limeshavunjika. Hapakuwa na wa kupanda jukwaani kuipigania. Mwaka 1969 wimbo wa mwisho wa albamu hiyo ukapanda hadi nafasi ya tatu Marekani, na kwa kuwa wenyewe hawakuwapo, makundi bandia yalizunguka huko yakitumia jina lao. (Hata hilo neno la kwanza la jina la albamu lina kosa la tahajia la mchoraji wa jalada, na halijasahihishwa hadi leo.) Nikimsimulia mtu kisa hiki kwanza, akizisikia zile sauti zilizopangwa kwa uangalifu, ananiuliza maswali ambayo zamani hakuna aliyeniuliza.

Kisa cha bendi ya Death ni kingine kabisa, nacho ndicho ninachokipenda zaidi kukijadili. Hawa ni ndugu watatu wa Detroit, Waafrika-Wamarekani, waliopiga rock ya kasi na hasira katikati ya miaka ya 1970, kabla jina la punk halijazoeleka. Mkuu wa kampuni kubwa ya rekodi aliwataka wabadilishe jina la bendi. David Hackney, kaka mkubwa, akakataa. Nyimbo walizorekodi mwaka 1975 zilikaa hadi 2009 ndipo zikatoka kama albamu, na David alikuwa amefariki mwaka 2000. Alikuwa sahihi kukataa? Nimekaa na watu wasiopenda kabisa magitaa ya kelele, wakalijadili swali hilo kwa saa nzima, na mwisho wao wenyewe wakasema, haya, tuwekee tusikie. Mimi naona alikuwa sahihi. Jina ni sehemu ya kazi ya msanii, na aliyelichagua ndiye aliyejua lina maana gani kwake.

Wakati mwingine sababu imo ndani ya muziki wenyewe. Pink Moon ya mwimbaji Nick Drake, ya mwaka 1972, haifiki hata nusu saa. Ni sauti yake na gitaa lake, na piano inayopita kidogo kwenye wimbo mmoja. Mwenyewe hakupenda kupanda jukwaani. Albamu kama hiyo ukiiweka mbele ya watu sita wanaoongea, umeiua kwa mikono yako, nami nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Mwambie mwenzako aisikilize peke yake usiku, halafu mzungumze kesho yake.

Jambo jingine nililojifunza ni kutaja kasoro mapema. Zipo albamu ninazozipenda kwa moyo wote ambazo zina nyimbo nne za ajabu na nyingine za kujazia nafasi. Zamani nilikuwa naficha hilo. Sasa nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu msikilizaji atalisikia tu, na akilisikia kabla sijamwambia hataniamini tena kwenye zile nne.

Pia usimpe mtu albamu nzima ukamwachia. Mpe mahali. Nikimwelekeza mtu kwenye Pirates Choice ya Orchestra Baobab ya Senegal, iliyorekodiwa mwaka 1982, namwambia aanze na wimbo wa kwanza na amfuate mpiga gitaa, Barthélémy Attisso, asikie anavyoacha nafasi kati ya noti na noti bila haraka yoyote. Namwambia pia kwamba Attisso alikuwa mtu wa Togo aliyekwenda Dakar kusomea sheria, na bendi ilipovunjika alirudi kwao kufanya kazi ya uwakili hadi walipomwita tena. Wengi huniambia kwamba baada ya hapo hawakuweza kusikia kitu kingine ila lile gitaa.

Tahadhari moja kuhusu neno lenyewe "albamu". Lisitumike kupimia bendi zote. Bendi nyingi za dansi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 zilitoa santuri ndogo, na wimbo mrefu ukakatwa katikati, nusu upande A, nusu upande B. Ukiuliza albamu yao bora ni ipi, umeshazitoa kwenye mjadala kabla haujaanza.

Lakini nusu ya mazungumzo haya ni kupokea, na hapo ndipo nilipokuwa dhaifu kuliko kote. Yule rafiki yangu alinipa Just Another Diamond Day ya mwimbaji Vashti Bunyan, ya mwaka 1970. Niliisikiliza mara moja nikiwa na shughuli nyingine, nikamwambia ni nyimbo za kubembelezea watoto. Hakubisha. Miezi kadhaa baadaye niliirudia kwa utulivu, nikasikia jinsi ile sauti ndogo inavyobeba uchovu wa safari ndefu, nikaona haya. Bunyan aliuacha muziki kwa sababu karibu hakuna aliyeinunua albamu ile. Ilipotolewa upya mwaka 2000 ndipo watu wakaipenda, na albamu yake ya pili ikaja mwaka 2005, miaka 35 baada ya ya kwanza. Wale wasikilizaji wa 1970 niliokuwa nawalaumu walifanya kile kile nilichofanya mimi. Walisikiliza mara moja, wakatoa hukumu, wakaendelea na mambo yao.

Nilimpigia simu rafiki yangu kumwomba radhi. Tangu hapo nimejiwekea sharti: albamu niliyopewa na mtu naisikiliza mara tatu kwa siku tofauti kabla sijafungua mdomo, na nikimrejea namtajia wimbo mmoja ulionigusa na mmoja ulionishinda, ili ajue nilifika mwisho.

Safari hii amenipa Lazy Bones!! ya WITCH, bendi ya Zambia, ya mwaka 1975. Nimeshaisikiliza mara mbili. Kuna gitaa moja linalonguruma ambalo sijui nilipende au nilikimbie, na hamu ya kumwambia ninayo tangu jana. Bado mara moja.