Je, Ureno Ilihalalisha Dawa za Kulevya?

SWALI: Mhariri, katika mijadala ya kuhalalisha dawa za kulevya, Ureno hutajwa kila mara kuwa nchi iliyoziruhusu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, ingawa kosa hilo hurudiwa hata na wanaopaswa kujua zaidi. Sheria ya Ureno iliyoanza kutumika Julai 2001 iliondoa adhabu ya jinai kwa mtu anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10, lakini dawa zenyewe zilibaki marufuku, na muuzaji bado hupelekwa mahakamani. Mtumiaji hufikishwa mbele ya jopo la wataalamu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, ambalo linaweza kumtoza faini, kumwelekeza kwenye matibabu au kusimamisha shauri lake.

Kuhalalisha ni jambo jingine: Uruguay mwaka 2013, na Kanada mwaka 2018, ziliruhusu bangi izalishwe na kuuzwa chini ya usimamizi wa serikali.

Kwa maoni yangu, nguvu ya Ureno ilitokana na matibabu yaliyopanuliwa sambamba na sheria. Jimbo la Oregon, Marekani, liliondoa adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa, kwa kura ya wananchi ya mwaka 2020 huku huduma hizo zikichelewa, na mwaka 2024 likarejesha kosa la jinai.